Uanagenzi Wangu Unakwisha na Bwana Probert Haniulizi Kama Nitabaki

Mpendwa Mshauri,

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari langu kwenye maegesho ya soko la kondoo, kwa sababu leo si siku ya mnada na hakuna mtu wa kunigongea kioo aniulize kulikoni, na ninaomba unishike mkono maana nimefika mahali ambapo nikisonga mbele naumia na nikirudi nyuma naumia, na kila nikilala naamka na jambo lile lile.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, mwanagenzi katika ofisi ndogo ya mawakili huku kwetu kwenye milima ya Wales, ofisi iliyo ghorofani juu ya bucha, na ikikaribia Krismasi tukifungua dirisha tunasikia watu wakigombania bata mzinga huku sisi tukimsomea mjane wasia wa mumewe. Mwezi wa tisa namaliza miaka yangu miwili ya mafunzo, mitihani yote nimeshafaulu, jina langu litaandikishwa kuwa la wakili kamili wa Uingereza na Wales, na jambo ambalo nimelitaka tangu nikiwa msichana wa shule litakuwa limetimia, lakini badala ya kufurahi nahesabu wiki kama mtu anayesubiri kufukuzwa.

Ofisi yetu ina watu watatu na mbwa. Bwana Probert, jina lake nimelibadilisha, ndiye wakili, peke yake, tangu mshirika wake alipofariki. Glenys ni katibu muhtasi, amekuwapo kabla ya kompyuta na ana hakika atakuwapo baada yake. Mbwa ni mzee, analala chini ya meza ya wateja, na watu wa talaka humpapasa kichwa wakati wanalia, kiasi kwamba Glenys anasema naye angelipwa mshahara. Mimi ni wa tatu. Wenzangu niliosoma nao wako kwenye ofisi kubwa za miji ya Cardiff na Bristol, wanazungushwa idara baada ya idara, miezi sita hapa, miezi sita pale, na mmoja wao aliniambia amemaliza nusu mwaka akipitia mikataba ya ghala bila kumwona mteja hata mmoja kwa macho. Kwetu hakuna idara. Kinachopanda ngazi ndicho kazi ya siku hiyo. Asubuhi ni mke anayetaka kuachana na mume, kabla ya chakula cha mchana ni majirani wawili wanaogombana kuhusu uzio uliohama wenyewe, jioni niko kando ya kitanda cha mzee anayetaka kubadilisha wasia wake kwa mara nyingine kwa sababu mpwa wake hakumtumia kadi. Na Ijumaa, Mshauri, Ijumaa ndiyo siku ambayo nchi nzima huhama nyumba, sijui ni nani aliyetuloga, basi kila Ijumaa kuna familia imeegesha gari la mizigo mbele ya bucha, watoto wanakula chipsi kwenye kiti cha mbele, paka analia ndani ya kikapu, na mimi nimeshika simu nangoja benki iseme fedha za nyumba, ambazo huku hupitia kwa wakili, zimefika, na zikifika nashuka ngazi mbio na funguo mkononi, na yule mama akizipokea hutazama zile funguo kana kwamba nimemzalia mtoto. Sijui kazi nyingine inayonipa hisia kama ile.

Bwana Probert si mtu wa kusifu. Nikiandika barua nzuri kabisa husema, "Si vibaya," na nikiandika mbaya hunirudishia imejaa alama za penseli na chini yake, "Jaribu tena, mteja si profesa." Lakini amenifundisha vitu ambavyo havimo katika kitabu chochote nilichosoma. Aliniambia siku ya kwanza, "Binti, usifunge kalamu mteja anaposimama kuondoka. Akishashika kitasa cha mlango ndipo atakapokuambia alichojia." Nikadhani ni utani. Wiki hiyo hiyo alikuja mama mmoja kuhusu bomba la maji, tukazungumza bomba nusu saa, akasimama, akashika kitasa, akasema, "Na halafu mume wangu ameondoka tangu Pasaka." Tangu siku hiyo kalamu yangu haifungwi.

Sasa nikueleze kilichonifanya nijue kwamba ninataka kubaki. Kuna mteja mmoja nitakayemwita Gwilym, na mambo yake nimeyageuza hapa na pale maana siri ya mteja ni siri. Ni mtu mzima wa zaidi ya miaka hamsini, amefanya kazi kwenye shamba la baba yake tangu alipoacha shule, kwa pesa ya mfukoni tu, na baba alipofariki ikaonekana wasia wa zamani unagawa shamba nusu kwa nusu baina yake na dada yake aliyeolewa mjini Chester, na dada anataka liuzwe. Alikuja kwetu amevaa koti la mazishi. Mimi nilikuwa naandika.

"Baba alikuwa akisimama langoni," akasema, "anatazama bonde, ananiambia, 'Haya yote yatakuwa ya nani kama si yako?'"

"Na wewe ulimjibu nini?" Bwana Probert akamuuliza.

"Nilimwambia kondoo wa upande wa juu wanahitaji dawa ya minyoo."

"Hukumuuliza kama ameandika mahali?"

Gwilym akamtazama kama mtu aliyetukanwa. "Bwana Probert, wewe umezaliwa hapa hapa. Mtu anamuuliza baba yake kitu kama hicho?"

"La," Bwana Probert akasema. "Hamuulizi. Ndiyo maana mimi nina kazi."

Tukacheka sote watatu, hata Gwilym, halafu Gwilym akalia, na mbwa akatoka chini ya meza. Alipoondoka nilikwenda kukaa ndani ya gari langu nikalia na mimi, na nikajua kwamba hii ndiyo kazi, hawa ndio watu, na kwamba sitaki ghorofa la vioo wala sitaki kuwa na cheo kirefu, nataka kuwa mtu ambaye Gwilym wa kesho atampandia ngazi. Ninapoingia asubuhi naliona lile bamba la shaba mlangoni lenye majina yaliyosuguliwa hadi yanakaribia kufutika, na nasoma kwa kidole kama mtoto, na ninaona haya kukuambia kwamba nimeshawahi kupima kwa jicho kama chini yake kuna nafasi.

Mwezi wa pili nilitumwa shambani kwa Gwilym kupata sahihi, nikaenda na viatu vya mjini, nikazama kwenye tope hadi kwenye vifundo. Nilirudi ofisini nikiacha nyayo kila kidato cha ngazi. Bwana Probert alikuwa anatoka kwenda nyumbani. Akaniangalia miguu, akaweka mkono kwenye kitasa, akasema, "Majira yajayo ya baridi utahitaji gambuti za maana." Akatoka.

Majira yajayo, Mshauri! Majira ya baridi huja baada ya mwezi wa tisa! Jumamosi ile ile nilikwenda duka la wakulima nikanunua gambuti za gharama kubwa kuliko kiatu chochote nilichowahi kuvaa. Glenys alipoziona kando ya mlango akapiga makofi. "Haya jamani, mwenzetu kachumbiwa na tope!" Sikukasirika. Niliimba njia nzima kurudi nyumbani.

Kisha mwezi wa tano akaja mhasibu wetu. Nilikuwa naingia na sinia ya chai nikasikia akiuliza, "Na huyu binti, utabaki naye?" Bwana Probert hakuinua hata macho kwenye karatasi. "Atakwenda mwezi wa tisa," akasema. "Wazuri wote huenda." Na mimi nikasimama pale nikasema, "Sukari vijiko vingapi?"

Nilimfuata Glenys jikoni nikamuuliza maana yake nini. Akaniambia, "Mwanangu, usinitie mdomoni maneno ya Bwana Probert. Ninachokijua ni kwamba yule kijana wa kabla yako aliombwa abaki. Mzee alimwomba kwa mdomo wake, mbele yangu. Kijana akabaki kwa huruma, akanuna mwaka mzima kama mtu aliyemeza nzi, halafu akaenda Bristol. Tangu siku hiyo hajamwomba mtu abaki. Hata mbwa hamwombi."

Nilipoona hivyo nikaomba kazi Cardiff, kwa hasira tu, na wakanichukua. Ghorofa ya tisa, vioo kila upande, mashine ya kahawa yenye vitufe vingi kuliko gari langu, mshahara karibu mara mbili. Yule mama aliyenisaili alikuwa mwema, akaniuliza najiona wapi baada ya miaka mitano, na mimi nikaliona lango la Gwilym, lakini nikajibu, "Hapa," na nikajihisi mwizi. Wanataka jibu ifikapo Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu.

Mama yangu ni msusi, amesimama maisha yake yote, na kwake hakuna hata la kujadili. "Mimi miguu imenivimba kwa vichwa vya watu," ananiambia, "ili mwanangu akae juu ya bucha?"

"Mama, ni ofisi ya mawakili."

"Ni bucha yenye ngazi."

Kumuuliza Bwana Probert siwezi. Nikimuuliza atasema ndiyo kwa wema wake hata kama hana uwezo wa kunilipa, nami nitakuwa mzigo, au atasema hapana, nami nitapaswa kumpelekea chai hadi mwezi wa tisa nikimtazama usoni. Nataka aniulize yeye. Kila jioni akishika kitasa mimi huinua kichwa, na kila jioni husema, "Haya, kesho basi," na mlango unafungwa. Je, ni vibaya kutaka kuulizwa? Niende Cardiff, au niendelee kungoja? Nisaidie tafadhali, siku zinakwisha.

Ni mimi,
Anayengoja, Juu ya Bucha

*

Mpenzi Anayengoja,

Kabla ya lolote, hukunigeuzia mambo ya Gwilym kiasi cha kutosha. Nimeyageuza tena mimi mwenyewe kabla ya kuyapeleka kwa mhariri, na pale uliponitajia mahali lilipo shamba nimepafuta. Wewe umekaribia kuwa wakili. Moyo ukijaa, mdomo hulegea, na mteja hajali moyo wako umejaa nini. Hilo limekwisha, sitalirudia.

Sasa kaa vizuri, nikueleze ninavyoona, maana barua yako ina kila kitu ndani yake isipokuwa wewe kuisoma.

Mimi ni mzee wa milima hii. Nimefundisha watoto wake kusoma, nimewazika wazazi wao, na nimepanda ngazi za mawakili mara nyingi kuliko nilivyopenda: nyumba, mirathi, na ugomvi mmoja wa mti. Kwa hiyo niamini nikikuambia kwamba watu wetu si wakavu. Wana maneno, ila hawayasemi kwa kuelekea. Huyasema wakitazama pembeni. Marehemu mume wangu hakuwahi kuniambia anataka kunioa. Alinipeleka kuona jiko alilolijenga upya, akaniuliza kama ningekuwa mimi, mashine ya kufulia ningeiweka ukuta gani. Nikamwambia wa kushoto. Basi, tulikuwa tumechumbiana. Mtu wa kutoka kwingine angedhani tunazungumza mabomba.

Kwa hiyo sikucheki kuhusu gambuti. Ulisikia sawasawa. Mtu ambaye amekufundisha kwamba ukweli hutoka mkono ukiwa kwenye kitasa, alikuwa ameweka mkono kwenye kitasa aliposema majira yajayo ya baridi. Hayo ndiyo matamanio yake, naye aliyatamka kwa namna pekee anayoijua. Na mwezi wa tano, kwa mhasibu, alitamka hofu yake. Unaniandikia kana kwamba moja kati ya hayo mawili lazima liwe uongo. Hakuna uongo. Anatamani ubaki na anaamini utaondoka. Nilidhani wewe, kuliko watu wote, ungeielewa hali hiyo.

Kwa nini hakuulizi? Glenys amekueleza jikoni, kwa maneno mepesi kabisa, na wewe ukaondoka ukaenda kujaza fomu za Cardiff. Mzee aliwahi kuomba. Aliyeombwa akabaki kwa huruma, akamwonyesha uso wa kununa mwaka mzima. Mzee akajifunza kwamba ombi lake ni kamba kwenye mguu wa kijana, na kwa kuwa ni mtu mwema ameamua kutomfunga mtu mwingine. Kukaa kimya ndiyo heshima anayokupa. Ni heshima ya kijinga, nakubali, nayo inakuumiza, lakini ni heshima.

Na sasa nikukaripie kidogo, kwa sababu umeniomba.

Umekaa kwenye kiti kilicho mkabala na Gwilym, kalamu mkononi, ukasikia mtu wa miaka zaidi ya hamsini akieleza jinsi alivyojenga maisha yake yote juu ya neno moja lililosemwa langoni, na jinsi neno hilo lilipotamkwa alivyojibu habari za minyoo. Ukamwonea huruma hadi ukalia. Kisha wewe ukajenga maisha yako juu ya neno moja lililosemwa mlangoni, na nafasi ya kuuliza ilipokujia, ukiwa na sinia mkononi na wanaume wawili wanazungumza juu yako, ukajibu habari za sukari. Binti yangu! Gwilym ana udhuru. Hakuna aliyemfundisha. Wewe umefundishwa miaka yote hii, na serikali ikakupa mitihani, kwamba kisichosemwa waziwazi mwisho wake ni mahakamani au ni machozi. Unawaambia wakulima kila siku, "Mwulizeni baba akiwa hai." Baba yako huyu wa kazi yuko hai, yuko chumba cha pili, na anakunywa chai unayompelekea.

Umeniuliza kama ni vibaya kutaka kuulizwa. Si vibaya. Ni tamaa ya kibinadamu kuliko zote, mtu kutaka kuchaguliwa bila kujinadi. Mimi mwenyewe, kwa umri wangu huu, simu ikilia bado hutumaini ni mtu anayenihitaji na si mtu wa kuniuzia madirisha. Lakini lazima ujitenganishie mambo mawili ambayo umeyafunga fundo moja. Kuna kutaka kazi ile, na kuna kutaka kuombwa uifanye. La kwanza linaweza kukulisha miaka thelathini. La pili linakwisha siku ile ile uliyoombwa, kabla ya jua kuzama. Ukienda Cardiff kwa sababu unaipenda Cardiff, nitakupungia mkono. Ukienda kwa sababu mzee mmoja hakutamka neno, utakuwa ghorofa ya tisa unatazama vioo na kumnunia mtu ambaye hata hajui umenuna. Tayari yuko mmoja wa namna hiyo Bristol, na inatosha.

Hofu yako ya kwamba atakubali kwa wema hata kama hana uwezo ni hofu ya kweli, na siipuuzi. Ofisi ya watu watatu si kisima kisichokauka. Wewe ukishakuwa wakili kamili hutakuwa tena mwanagenzi wa kulipwa kidogo na kushukuru. Na kuna jambo ambalo hukuligusa katika barua yako yote, nalo ni kubwa kuliko mshahara. Mshirika wake amefariki, yeye mwenyewe si kijana, na wewe utakuwa mchanga katika kazi, unayehitaji mtu wa juu yako wa kukuangalia kwa miaka kadhaa bado. Akiugua, au akichoka, nani atakuwa juu yako? Atauza ofisi? Anataka mtu wa kumrithi, au anataka tu mtu wa kumalizia naye safari? Haya si maswali ya utovu wa adabu. Ni maswali ambayo ungemuulizia mteja yeyote aliyepanda ngazi zile na hali kama yako, na ungemtoza kwa kuyauliza. Jifanye wewe ndiye mteja. Mhudumie vizuri.

Kuhusu mama yako: mpe heshima yake yote na usimpe uamuzi. Aliyesimama miaka yote hiyo ana haki ya kukutakia kiti kizuri. Hana haki ya kukuchagulia dirisha. Siku moja ya Ijumaa mwalike aje mbele ya bucha saa ya funguo, asimame kando, aangalie. Usimwambie chochote. Akibaki na maoni yake baada ya hapo, ni yake.

Haya, ya kufanya.

Kesho asubuhi wapigie simu Cardiff, umwombe yule mama mwema akuongezee wiki moja. Mwambie una jambo la kukamilisha ulipo sasa. Waajiri huombwa hivyo kila siku, na akikataa utakuwa umejua kitu kuhusu yeye bila gharama. Usimdanganye tena. Ulijihisi mwizi kwa sababu ulikuwa umebeba kisicho chako.

Kisha umwendee Bwana Probert. Ijumaa hapana, yuko na funguo za watu. Siku ya mnada hapana, ngazi zitakuwa zimejaa wakulima. Chagua asubuhi tulivu, mwambie Glenys asiunganishe simu, na usishangae akikujibu kwamba alikuwa anashangaa umechelewa wapi. Ingia bila sinia. Nasisitiza, bila sinia, maana ukishika chai mkononi utakuwa mhudumu, na huendi pale kuhudumu. Kaa kwenye kiti cha wateja. Usianze na habari ya Cardiff, kwa sababu ukianza na Cardiff atasikia kwaheri, atakupongeza kabla hujamaliza, na kutokana na adabu yenu ninyi wawili mtapeana mikono na kuharibiana maisha kwa upole mkubwa. Sema hivi, na usiongeze: "Bwana Probert, nikishaandikishwa kuwa wakili nataka kubaki hapa. Siyo kwa kukuonea huruma. Naipenda kazi hii. Je, kuna nafasi yangu, na kama ipo, tuizungumze jinsi itakavyokuwa?"

Ile sentensi ya pili usiiache. Ndiyo anayoingoja, ingawa hajui.

Akisema hakuna nafasi, utaumia, na hutakufa. Utamshukuru, utakwenda Cardiff ukiwa umetendewa haki na si ukiwa umekimbia, na utampelekea chai hadi mwezi wa tisa ukimtazama usoni bila shida, kwa sababu kati yenu hakutakuwa tena na kitu kilichofichwa. Akisema ipo, usiruke. Uliza yale maswali ya nani atakuwa juu yako, na mrithi, na mshahara, kisha mwambie ayaandike. Yeye atacheka. Na aandike.

Lakini kati ya swali lako na jibu lake, hapo ndipo ninapokuogopea. Atanyamaza. Atatazama dirishani, atavua miwani, pengine atamwita mbwa. Utaona kama dakika nzima imepita, na utatamani kusema, "Samahani, nilikuwa nauliza tu, usijali." Usiseme. Ng'ata ulimi. Mtu ambaye hajaomba kitu kwa miaka mingi anahitaji muda wa kukumbuka jinsi ya kupokea. Wewe umekwisha kusema sehemu yako, na sehemu iliyobaki ya mazungumzo hayo si yako kuijaza.

Mshauri wako